Elimu inayozingatia matokeo katika programu za uhandisi

Elimu inayozingatia matokeo ni utaratibu wa kupanga masomo kuanzia mwisho. Kwanza huamuliwa mhitimu awe anaweza kufanya nini, ndipo mihadhara, maabara na mitihani hupangwa ili imfikishe hapo. Swali si tena "mhadhiri amefundisha sura ngapi?" bali "mwanafunzi ameweza nini?"

Jina linalotajwa sana katika nadharia hii ni la Mmarekani William Spady. Vyuo vya uhandisi vilisukumwa zaidi na vyombo vya ithibati, yaani vinavyokagua na kuidhinisha ubora wa programu. Huko Marekani, chombo cha ithibati kiitwacho ABET kilipitisha katika miaka ya 1990 vigezo vilivyoorodhesha matokeo 11 ya mwanafunzi. Sasa yamebaki 7, yakiwemo kubuni suluhisho, kuwasiliana, maadili ya kazi na kufanya kazi katika timu. Mkataba wa Washington wa 1989, unaoviwezesha vyombo vya ithibati vya nchi mbalimbali kutambuliana programu za shahada ya uhandisi, nao una sifa zake za mhitimu.

Kuandika matokeo hayo ni kazi nyepesi. Kazi yenyewe ni uboreshaji endelevu: kupima, kusoma majibu ya vipimo, kubadili kitu, kisha kupima tena.

Tuchukue boriti ya mita 6 iliyoegemea ncha zake mbili, yenye mzigo wa kilonewtoni 10 kwa kila mita. Darasa zima linakokotoa momenti kubwa kabisa (kipimo cha jinsi mzigo unavyoipinda boriti), kilonewtoni-mita 45, bila shida. Sasa waambie wachague boriti ya sakafu ya ghala, bila kuwatajia mzigo. Wengi wanakwama, kwa kuwa hawajawahi kuulizwa mzigo hutoka wapi. Idara ikirudi nyuma kukagua maswali ya miaka ya awali, huenda ikakuta kila swali lilikuja na namba zake tayari. Hapo tiba si kuongeza somo jipya. Inatosha kuingiza maswali yasiyo na namba kamili tangu mwaka wa pili, na kuwafundisha kusoma viwango vya ujenzi.

Alama ya jumla ya somo isingeonyesha pengo hilo. Mwanafunzi mwenye 70 anaweza kuwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kubuni, na namba moja imeficha yote mawili. Ndiyo maana kila tokeo hupimwa peke yake, kwa swali mahususi au kwa rubriki (jedwali la vigezo vya kusahihishia) ya mradi wa mwaka wa mwisho. Dodoso za wahitimu na waajiri husaidia, ila hizo ni maoni tu. Haziwezi kuchukua nafasi ya kazi ya mwanafunzi yenyewe.

Vyuo vingi hukwama hapa: majedwali yanajazwa, wakaguzi wanakaribia, mafaili yananenepa, na mtaala uko vilevile. Kwa maoni yangu, ni heri kupima matokeo mawili kwa mwaka na kuyafanyia kazi kuliko kupima yote na kuyafungia kabatini. Badiliko likishafanywa, kundi linalofuata hupimwa kwa rubriki ileile. Rubriki ikibadilishwa katikati, hakuna tena cha kulinganisha.