Darubini ya Ndege: Kukuza Zaidi Si Kuona Vizuri Zaidi

Wengi wanaojiandaa kwenda kutazama tandawala, ndege wakubwa wa nyikani, katika uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, huamini kwamba darubini ya kusimika inayokuza mara 60 ni bora kuliko inayokuza mara 20. Si kweli. Upana wa mwale unaolifikia jicho hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kiwango cha ukuzaji. Hivyo lenzi ya milimita 60 hutoa mwale wa milimita 3 ikikuza mara 20, lakini milimita 1 tu ikikuza mara 60, na ndiyo maana ndege huonekana hafifu asubuhi yenye mawingu. Isitoshe, mtikisiko wa upepo nao hukuzwa, na ubora wa lenzi pekee, hata ya bei ghali, hauuondoi.

Kwa anayepanda uwandani kwa miguu kutoka Matamba, makazi yaliyo karibu na hapo, ningependekeza lenzi ya milimita 50 hadi 65, ukuzaji wa mara 15 hadi 30, na bomba lililozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni, kwa sababu baridi ya huko, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, hutia ukungu ndani ya darubini isiyozibwa. Fedha inayobaki inunue stendi imara ya miguu mitatu.