Chumba cha chini ya ardhi: piga hesabu ya joto kabla ya kununua hita

Kipupwe kikiingia, wenye nyumba za miteremkoni hapa Mbeya hufika katika ofisi yetu ya vibali vya ujenzi na lalamiko moja. Stoo ya chini imegeuzwa chumba cha kulala, imewekwa hita, na uniti za LUKU zinakwisha kabla ya wiki. Wengi wameambiwa na mafundi kwamba "udongo unanyonya joto lote". Si kweli, na kauli hiyo imewagharimu watu fedha nyingi.

Jaribu mwenyewe alfajiri ya mwezi wa Julai. Weka kiganja kwenye ukuta wa chumba hicho, karibu na dirisha: tofali ni la baridi kali. Shusha mkono hadi usawa wa goti: ukuta ni wa kawaida tu. Baridi ya usiku haizami kwenye udongo zaidi ya kama nusu mita. Chini ya hapo udongo hufuata wastani wa joto la mwaka, ambao kwa Mbeya ni kama nyuzi 18, na katika miezi ya baridi hupungua kidogo.

Kwa hiyo hesabu lazima igawanywe kwenye mstari wa ardhi. Eneo la ukuta zidisha kwa kiwango chake cha kupitisha joto, kisha kwa tofauti ya nyuzi kati ya ndani na upande wa pili. Kanuni ni hiyohiyo kila mahali, ila upande wa pili ndio unaobadilika: juu ya mstari ni hewa ya nje, chini yake ni udongo. Hapo ndipo wanapokosea hata wachoraji wa ramani za nyumba.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5, ambapo mita 1.7 zimezama ardhini. Ndani tunataka nyuzi 20, nje usiku ni 7, na udongo tuuweke 15 kwa tahadhari. Ukuta wa tofali za inchi sita uliopigwa plasta hupitisha karibu wati 3 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Sehemu iliyo juu ya ardhi, ukiondoa dirisha, ni mita za mraba 10.2, kwa hiyo inapoteza wati 398. Dirisha la kioo kimoja la mita moja ya mraba linapoteza 74. Sehemu iliyozama ni kubwa zaidi ya mara mbili, mita za mraba 23.8, lakini udongo wenyewe unaikinga: kiwango kinashuka hadi kama 1.2 na tofauti ni nyuzi 5 tu, hivyo ni wati 143. Sakafu inapoteza wati zisizofika 20. Hewa ya chumba ikibadilika mara moja kwa saa inachukua kama 105. Kwa mwinuko wetu wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi, msitumie namba za Dar es Salaam. Dari sikuihesabu kwa sababu juu yake kuna chumba chenye joto lilelile.

Jumla ni kama wati 740. Ukizidisha kuta zote na sakafu kwa baridi ya nje, kama wanavyofanya wengi, unapata karibu 2,000, na ndiyo hita utakayouziwa. Ikiwa haijizimi yenyewe, kwa saa nane inakula uniti 16.

Zaidi ya nusu ya upotevu iko kwenye ule mkanda wa sentimita 80 juu ya ardhi. Bandika hapo polistairini ya sentimita 5, ile nyeupe inayofungiwa televisheni mpya, kisha uifunike kabisa kwa plasta, maana inashika moto upesi. Wati 398 zitashuka hadi kama 76. Anayetandaza zulia nene sakafuni na kuuacha mkanda huo wazi anahangaikia wati zisizofika 20.

Tundu la hewa lisiguswe. Naona watu wanaliziba kwa magunia ili kuokoa zile wati 105, kisha wanaingiza jiko la mkaa. Kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala haamki kukohoa. Hata mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi unaitoa. Msilale na jiko ndani, iwe dakika kumi au usiku mzima.

Sasa kibali. Kugeuza stoo kuwa chumba cha kulala ni kubadili matumizi, na kibali cha zamani cha nyumba hakikutoshi. Lete fomu ya maombi, nakala ya hati au barua ya toleo, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, michoro ya usanifu, na michoro ya uhandisi ya ukuta unaozuia udongo. Maombi hupita mipango miji, ardhi, afya na mhandisi. Afisa afya huangalia tundu la hewa kabla ya kitu kingine. Mkaguzi aitwe kabla ya kufukia udongo nyuma ya ukuta, kwa kuwa kizuizi cha maji kikishafukiwa hakionekani tena, na ukuta uliolowa hupitisha joto zaidi ya mkavu. Anayejenga bila kibali hupewa notisi ya kusimamisha kazi, akiendelea huwekewa alama ya X nyekundu, na shauri likifika mahakamani anaweza kutozwa faini na kuamriwa kubomoa kwa gharama zake. Kusema "fundi aliniambia haihitajiki" hakusimamishi notisi. Hesabu ya joto si sharti la kibali, lakini ukiiandika pembeni mwa mchoro tutaipitia pamoja nawe kwenye dirisha la huduma.