Kunguru wa Nakuru si yule wa Mombasa

Wakazi wa Nakuru hutuuliza: hawa kunguru wanaorukia taka pale sokoni, ndio wale wanaosumbua Pwani? Sio. Mtazame kifuani. Wa hapa ni kama amevaa fulana nyeupe isiyo na mikono: weupe unaanza kifuani na kuzunguka hadi nyuma ya shingo, kwingine kote ni mweusi wa kung'aa. Ni mwenyeji, na ametapakaa karibu kote kusini mwa Sahara. Wa Mombasa ni mdogo kidogo, shingo yake rangi ya majivu, weupe hana kabisa. Asili yake Bara Hindi; aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 asafishe taka, na Mombasa akaonekana mwaka 1947.

Sasa toka mjini, panda hadi mashamba ya ngano ya Njoro. Huko kuna kunguru mweusi tititi, hana hata doa. Wengi humpita wakidhani ni yule yule. Mdomo wake ni mwembamba, wa kuchokolea udongo akitafuta wadudu na mbegu. Subiri alie: hutuna manyoya ya kooni yakawa kama ndevu, kisha, katikati ya makelele yake ya kawaida, hutoa mlio wa kububujika kama maji yanayomiminwa kwenye jerikeni. Nikiusikia huo, darubini naiacha shingoni.

Wa majabalini ana mdomo mnene wenye ncha nyeupe, na baka jeupe kisogoni tu. Waliopanda Mlima Kenya wanamjua kwa kudoea chakula kambini.

Vifaranga wa kuku wanaibwa kweli na kunguru, hapo siwatetei. Wafunikie wavu mpaka wakue. Sumu usitie: itaua mwewe na mbwa wa jirani, na kunguru mwenyewe ni mjanja. Aliyesema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake alikuwa amemchunguza. Inama tu kama unayeokota jiwe, ameshapaa.

Kiota cha kunguru wa Nakuru utakiona juu ya mkaratusi au mlingoti, vijiti vimechanganywa na vipande vya waya. Kichunguze kwa mbali. Kuna ndege aitwaye kekeo, mwenye ushungi na madoa meupe mgongoni ambaye hutaga humo kwa kuvizia. Kinda lake haliwasukumi nje wenye nyumba; hulelewa nao pamoja. Ndiyo maana siku moja unaweza kumkuta kunguru tawini, amejaza mdomo, anamlisha mtoto asiyefanana naye hata kidogo.