Chai isubiri kidogo: namna ya kula ili damu isipungue

Mama mmoja alikuja kwenye chumba chetu cha ushauri wa lishe, viganja vimepauka, akihema kwa kupanda ngazi chache tu. Himoglobini yake, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa gramu 9 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito isishuke chini ya 12. Nilipomuuliza anakula nini, akanitajia maharage, dengu na mboga za majani, karibu kila siku. Chakula kizuri kabisa. Nikamuuliza anashushia na nini. "Chai," akajibu, "bila chai sijisikii kama nimekula."

Chai ile ilikuwa inamnyima sehemu kubwa ya alichokula. Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma, na yale ya kwenye mimea ni magumu kufyonzwa: mwili huchukua kati ya asilimia 2 na 20, kutegemea yameliwa pamoja na nini. Tanini ya chai, ile inayoipa ukakasi, hushikana na chuma humo humo tumboni, kikapita na kutoka na choo. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Sisemi uache chai. Ipishe na mlo kwa saa moja au zaidi.

Mahali pa chai, weka chungwa, pera au nyanya mbichi, kwa sababu vitamini C hukifungulia chuma njia. Limau likamulie sahanini, si kwenye sufuria inayochemka, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji. Na ukipata nyama au samaki, hata vipande vichache, vichanganye humo: chuma cha nyama hufyonzwa kwa urahisi, tena husaidia kile cha maharage kuingia.

Niseme pia kuhusu bitiruti, kwa kuwa watu wengi huitegemea kuongeza damu kwa sababu ya wekundu wake. Gramu 100 za bitiruti zina chuma kisichofika miligramu 1. Dengu zilizopikwa, uzito huo huo, zina zaidi ya 3. Juisi yake kunywa ukipenda, ila usiihesabu kuwa tiba.

Mwanamume anahitaji takriban miligramu 8 za chuma kwa siku, mwanamke anayepata hedhi 18, mjamzito 27. Kiasi hicho cha mjamzito ni vigumu mno kukifikia kwa chakula peke yake, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vya chuma na asidi ya foliki kila siku. Najua vinachefua. Vimeze baada ya kula, wala usiogope choo kuwa cheusi, ni kawaida. Maini yana chuma kingi, lakini mjamzito asiyazidishe, kwa kuwa vitamini A iliyomo ikipita kiasi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mtoto naye huzaliwa na akiba ya chuma inayokaribia kwisha afikapo miezi 6. Uji mtupu hauijazi. Aendelee kunyonya, na tangu vijiko vya kwanza apondewe nyama, samaki, maini kidogo au maharage. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja.

Kuna damu inayopungua kwa malaria, minyoo ya safura, selimundu (sikoseli) au hedhi nzito, na hapo sahani peke yake haitoshi. Ukiona kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au hamu isiyoisha ya kula udongo au barafu, nenda ukapime kwanza. Usijinunulie vidonge kwa kukisia, maana chuma kikizidi hudhuru ini na moyo. Vile ulivyopewa vifungie juu kabisa: mtoto mdogo huviona peremende, na akimeza vingi vinaweza kumuua.