Okidi ya nyasi ndefu haiuawi na moto

Wengi wakisikia kuwa ua fulani ni adimu, hushauri lizungushiwe uzio: ng'ombe wasipite, moto usiwashwe, miti ipandwe. Kwa okidi nyeupe ya mbuga za nyasi ndefu za Marekani na Kanada, Platanthera praeclara, ushauri huo ni hatari.

Mbuga hizo si msitu uliokatwa. Zimekaa wazi kwa maelfu ya miaka kwa sababu ya moto, ukame na makundi ya nyati wa Marekani. Wenyeji wa asili nao walizichoma kwa makusudi. Moto ukikoma, vichaka huvamia na nyasi kavu hurundikana hadi okidi ikakosa mwanga. Ndiyo maana wahifadhi huzichoma kwa mpango, huku okidi ikiwa bado imelala ardhini. Wakati ni muhimu mno: moto wa majira ya maua kweli utaiumiza.

Adui mkubwa alikuwa jembe. Nyasi ndefu zilizobaki hazifiki asilimia 4 ya zile za zamani. Kwingi ni mahindi na soya. Mwaka 1989 Marekani iliiorodhesha okidi hii miongoni mwa mimea iliyo hatarini.

Kuing'oa ukaipande nyumbani hakusaidii pia. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hazioti bila kuvu wa udongoni, na maua, yanayonukia zaidi usiku, huchavushwa na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu. Bustanini utawapata wapi hao?