Ufanisi wa uvunaji wa miti milimani maana yake nini?

Wengi wakisikia ufanisi wa uvunaji hufikiria idadi ya miti inayoangushwa kwa siku. Sivyo. Ufanisi ni ujazo wa magogo mazima yanayofika barabarani, ukilinganishwa na muda, mafuta na nguvu kazi iliyotumika. Mti uliolala korongoni bado haujavunwa. Sisi wa Dodoma tunaonunua mbao za paa, yaani papi na kenchi za misindano (paini), kutoka Mafinga, au mashamba ya milimani kama Ukaguru wilayani Gairo, hasara ya huko hutufikia kwenye bei.

Hasara huanzia kwenye kisiki. Mtelemkoni mkataji hukosa pa kukanyaga vizuri, basi hukata juu. Chukua shina lenye kipenyo cha sentimita 40: akiacha kisiki cha sentimita 40 badala ya 10, kwa miti 27 tu amebakiza shambani karibu mita 1 ya ujazo, tena sehemu nene kuliko zote. Mti ukiangushwa kuelekea bondeni moja kwa moja huanguka kwa kishindo kikubwa, shina likapasuka.

Lakini kazi ngumu kuliko zote ni kuyatoa magogo. Trekta la kawaida haliwezi kila mteremko. Penye mwinuko mkali, winchi hubaki barabarani ikavuta gogo kwa kamba ya chuma, au hufungwa waya wa juu unaoinua kichwa cha gogo lisichimbe udongo. Kuliburuta gogo kushuka mlima kila siku kwenye mkondo uleule ni kuchimbia maji ya mvua mfereji, na milima hiyo ndiyo vyanzo vya mito.

Anayetaka kuboresha aanze na saa mkononi: winchi imekaa bure dakika ngapi ikisubiri magogo yafungwe? Wakataji wamesubiri nani? Kama kuvuta ndiko kunakochelewa, kuongeza misumeno ya mnyororo ni kurundika magogo tu. Njia za kuvutia zipangwe kabla mti wa kwanza haujakatwa, na miti iangushwe kwa kufuata njia hizo.

Malipo nayo yana uzito wake. Anayelipwa kwa idadi ya miti hana sababu ya kuinama akate chini. Mimi ningewalipa wote, mkataji na mvutaji, kwa ujazo unaopimwa barabarani, na mafunzo ya usalama na vifaa vya kinga vigharamiwe na mwajiri.