Kubarizi ni nini?

Kubarizi ni kuketi barazani na wenzako bila shughuli maalumu: mkazungumza, mkanyamaza, mkatazama wapitao. Hapahitajiki mwaliko. Unatoa salamu, unasogezewa nafasi, unakaa.

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, umelipa jambo hili nafasi katika ujenzi wenyewe. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene, na upande wa njiani madirisha ni machache, maana mambo ya ndani ni ya ndani. Lakini mlangoni pana daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, lenye baraza za mawe kulia na kushoto. Hapo mgeni hupokewa, akaongea na mwenyeji hata saa nzima, na sitara ya nyumba ikabaki palepale.

Kwa mwenye kutaka kujionea, wakati mzuri ni baada ya swala ya alasiri, pale uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome. Dele, yaani birika la kahawa, liko juu ya makaa. Kahawa tungu humiminwa katika kikombe kidogo kisicho na mkono, ya moto hasa, kwa hiyo huinywi ila kwa funda ndogondogo, na tende ikipatikana. Wawili wanacheza bao. Waliowainamia kutazama ni wengi, na kila mmoja ana rai yake. Punda akipita na mzigo, watu hukunja miguu na maneno hayakatiki.

Wako wanaouita huu uvivu. Mimi nakataa kabisa. Barazani ndipo watu hutambua kwamba mzee fulani hajaonekana tangu jana, akatumwa kijana kumjulia hali. Ndipo hujulikana nani kafiwa na chombo cha nani hakijarudi kutoka baharini. Apitaye mbio hayapati haya. Baraza za njiani kwa mazoea ni za wanaume. Wanawake nao hutembeleana jioni, wakakaa ndani au uani, na huko habari hazipungui.

Asiyezoea aanze kwa kuiacha simu mfukoni. Mwanzoni mkono utaifuata tu. Avumilie, asikilize zaidi ya kusema, asitazame saa kila mara. Na akiinuka, aage, kwa kuwa wenzake watataka kujua kama kesho atakuja.